Uzi wa cherehani unasumbua: mafundi wa Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu

Mama Vijora, Mikindani
Habari za jioni ndugu zangu. Nashonea nyumbani, vijora na sare za madrasa, kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga niliyoachiwa na mama. Majuzi nilipokea vijora kumi na viwili vya shughuli ya kumtoa mwali, vyote kitambaa kimoja. Cha kwanza tu, juu mshono umenyooka, nikigeuza chini uzi umejilundika kama kiota cha ndege. Nikasema, uzi unalundikana chini, basi ugonjwa uko chini. Nikashika bisibisi, nikakaza skrubu ya kesi ya bobini, kile kikopo cha chuma kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini. Haikusaidia. Nikakaza tena na tena, mpaka uzi wa bobini ukawa unakatika wenyewe. Nilikaa hapo mpaka saa sita usiku, na wenye nguo wanazitaka Ijumaa.

Asubuhi nikamwita mzee mmoja fundi wa hapa mtaani. Hakugusa bobini kabisa. Akauliza, "Binti yangu, uzi wa juu uliutunga mguu ukiwa juu au chini?" Nilikuwa nimeutunga mguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ukiwa chini. Mguu ukishuka, vile visahani viwili vya kukazia uzi vinabana, uzi unakaa pembeni badala ya kuingia katikati yake. Hapo hakuna kinachoushika, na kila sindano ikishuka uzi wa juu unamwagika chini ya kitambaa. Akanyanyua mguu, akatunga upya, mshono ukatulia. Lakini kesi ya bobini nilishaivuruga, na bado nahangaika kuirudisha ilipokuwa.

Naomba kila mwenye kisa chake akilete, na aseme alijuaje chanzo. Nusu ya shida ni kutojua uzi upi ndio wenye kosa.

Fundi wa Chikongola
Pole sana mama. Uzi upi wenye kosa, mimi najua hivi: natunga rangi mbili. Juu mwekundu, chini mweupe, halafu nashona kipande cha khanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili. Nyuzi zinatakiwa zikutane katikati ya kitambaa, nyekundu isionekane chini wala nyeupe juu. Ukiona vidoti vyeupe juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa bobini umelegea. Ukiona vitanzi au vidoti vyekundu chini, uzi wa juu haukushikwa au wa bobini umekazwa mno. Usihukumu kwa rangi moja, macho yanadanganya, hasa ukishonea taa ya usiku.

Sasa kesi yako ya bobini. Weka bobini iliyojaa ndani, ning'iniza kesi kwa uzi wake kama mtu anayepima samaki. Ikishuka yenyewe mpaka chini, imelegea. Ikining'inia na hata ukiutikisa mkono haishuki, imekazwa mno. Inayofaa inatulia, ukitikisa kidogo inashuka kidogo na kusimama. Skrubu izungushe kwa robo tu, pima, robo nyingine, pima. Mimi kabla ya kuigusa naweka kidoti cha rangi ya kucha ya mke wangu kwenye skrubu na pembeni yake, nikipotea najua pa kurudi. Na fungulia juu ya kitambaa cheupe, kale kaskrubu kakidondoka sakafuni utakatafuta mpaka Idi.

Dada wa Newala
Mimi uzi wangu wa juu ulikuwa unakatika kila baada ya shubiri moja. Nikabadilisha uzi, nikabadilisha sindano, nikalegeza juu, wapi. Kilichonishangaza, mchana ilikuwa afadhali, asubuhi ndiyo haishoneki, hata kukanyaga ni kazi.

Chanzo kilikuwa mafuta ya nazi. Ya cherehani yaliniishia, nikaona nazi ni mafuta safi, nikadondoshea kila tundu. Anayeijua Newala Julai anajua baridi ya huku juu: mafuta ya nazi unayakuta yameganda ndani ya chupa. Basi yaliganda na ndani ya cherehani vilevile, na jua likipanda yanalegea. Yakikaa siku nyingi yanashika vumbi na manyoya ya nyuzi, yanakuwa gundi. Kile chuma cha umbo la mwezi mwandamo kinachobeba kesi kilikuwa kimezungukwa na uchafu wa kahawia unaonata kama ulimbo.

Nilitoa kila kinachotoka kwa mkono, nikasugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, nikafuta, nikaacha yakauke, ndipo nikaweka mafuta ya cherehani, tone moja moja. Kisha nikashona kitambaa kibovu mpaka kikaacha kutoka na madoa. Jamani, ya kupikia hapana, ya nazi hapana, hata kama duka liko mbali.

Kijana wa Masasi
Kwangu ilikuwa sindano. Inaruka, mshono mmoja inashika, miwili inaacha, nami nazungusha nati ya kukazia uzi wa juu bure. Nilikuwa nimeipachika kinyume. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Huo ndio uangalie upande uzi unakoingilia, na ubapa wa kichwani ukae upande wa pili. Isukume mpaka igote juu, ndipo ukaze. Namba nayo muhimu: 90 maana yake unene wa milimita 0.9, ndiyo hiyohiyo 14. Kwa kitenge inanitosha, jinzi napanda 100, yaani 16.

Mama wa Lindi Mjini
Sisi wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Cherehani ikikaa mwezi bila kufunikwa, visahani vinapata kutu nyembamba, na uzi ukipita unakwaruzwa, mara unashikwa, mara unaachiwa. Ndiyo maana mshono unakuwa mzuri kipande, mbaya kipande. Nanyanyua mguu, napitisha ukanda wa kitambaa safi katikati ya visahani, nauvuta huku na huku. Siku moja kilitoka kipande cha uzi mweusi urefu wa kucha, na nyeusi sikuwa nimeshona tangu msiba wa shemeji. Chini ya kile kibati cha kesi ya bobini kinachobana uzi pia hujificha manyoya. Napitisha kona ya karatasi ngumu. Sindano sitii humo, inachora chuma.

Mgeni, Nachingwea
Shikamooni mama zangu. Yangu ni ya umeme, bobini ya plastiki inalazwa tu kwa juu, kesi haitoki. Uzi unalundikana chini, na wa juu nimetunga mguu ukiwa juu. Nifanyeje?

Fundi wa Chikongola
Mdogo wangu, tazama mambo mawili. Bobini ni ileile iliyokuja na mashine? Za dukani hufanana kwa macho, ila moja ikizidi kimo kidogo tu inakwama. Halafu upande: kwa nyingi za aina hiyo, ukiishika bobini mbele yako na uzi unaning'inia, inatakiwa ifanane na herufi P. Ukiilaza, vuta uzi mpaka uingie kwenye ufa wake. Usipoingia, wa chini haubanwi.

Mgeni, Nachingwea
Nilikuwa nimeilaza kinyume. Asante sana kaka.

Mama Vijora, Mikindani
Nimerudi. Nilitunga mwekundu na mweupe, na kweli, upande wa chini uzi mweupe ulikuwa umelala kama kamba, haujapenya kitambaa, na vidoti vyekundu vimejaa. Uzi wa bobini ulikuwa umebana kupita kiasi. Nimelegeza robo, nikaning'iniza, haikushuka. Robo ya pili, bado. Ya tatu, nikatikisa mkono, kesi ikashuka kama vidole viwili ikasimama. Vijora tisa vimekwenda, vitatu nakunja pindo sasa hivi. Rangi ya kucha nimeshaweka.