Gari la zamani la petroli linachelewa kuwaka: nipime nini kabla ya kununua vipuri?

Msafiri

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu kuhusu gari la petroli lenye umri wa zaidi ya miaka 20, la mfumo wa nozeli (vifaa vinavyopulizia petroli kwenye injini) na si wa kabureta, ambalo kila likilala halikubali kuwaka mara moja. Stata inazungusha injini kwa nguvu ileile ya siku zote na taa za dashibodi hazififii, lakini inanibidi niushikilie ufunguo kwa muda mrefu kabla injini haijashika, na ikishika hukohoa kidogo, hutoa moshi mweusi, kisha hutulia na kwenda vizuri kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Nikizima na kuwasha papo hapo, huwaka bila kusumbua. Nikiliacha limesimama nusu saa hivi likiwa bado na joto, usumbufu hurudi, na hapo huambatana na harufu ya petroli.

Plagi na chujio la hewa vilibadilishwa hivi karibuni. Fundi mmoja ameniambia ninunue pampu ya mafuta, mwingine koili (kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche), na wote wawili walitoa hukumu bila kupima chochote. Ningependa kujua nipime nini, na kwa mpangilio upi, ili nikinunua kipuri niwe na sababu ya kukinunua.

Fundi_Umeme

Ndugu Msafiri, kwa kuwa stata inazunguka vizuri, upande wa umeme hautakuchukua muda, lakini usiuruke. Betri yenye chaji kamili iliyopumzika usiku kucha husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2, imebaki na kama nusu ya chaji. Mwombe mtu azungushe stata huku wewe ukiitazama mita: volti zikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au kuna waya usiopitisha umeme vizuri, na hapo kompyuta ya injini na koili hukosa umeme wa kutosha hata kama stata bado inazunguka. Safisha vichwa vya betri, kisha fuatilia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa sababu katika magari ya umri huo kutu hujificha chini ya boliti inayoonekana imekaza.

Kuhusu koili, sioni kama inaendana na dalili zako. Koili inayochoka kwa kawaida husumbua hata gari likiwa safarini, hasa linapopanda mlima.

Gereji_Mkongwe

Nakubaliana na mwenzangu. Jambo la kulitazama hapa ni ule muda ambao gari linasimama. Katika mfumo wa nozeli, injini inapozimwa petroli hutakiwa kubaki na presha ndani ya mabomba yake kwa muda mrefu, ili utakapowasha tena nozeli zipulize papo hapo. Presha hiyo ikivuja, stata itazunguka bure mpaka pampu iijenge upya. Inaweza kuvujia kwenye vali inayozuia mafuta yasirudi, ambayo mara nyingi imo ndani ya pampu yenyewe. Kwenye reguleta, yaani kifaa kinachodhibiti presha ya petroli. Au kwenye nozeli inayodondosha matone.

Asubuhi, kabla ya kugusa stata, fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, usikilize mlio mwembamba wa pampu kutoka upande wa tangi, ambao katika magari mengi hudumu kama sekunde mbili, kisha funga. Rudia hivyo mara tatu ndipo uwashe. Likishika mara moja, presha ilikuwa imeshuka. (Baadhi ya magari ya zamani hayaendeshi pampu mpaka stata izunguke, kwa hiyo usiposikia mlio usiharakishe kuihukumu pampu.)

Kipimo cha wakati wa joto ni kingine. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, uishikilie hapo, kisha zungusha stata. Katika magari mengi ya nozeli, kompyuta ikiona hivyo hukata mafuta, hewa ikaingia kwa wingi na kuondoa petroli iliyozidi. Likiwaka kwa njia hiyo, injini ilikuwa imelowa.

Baada ya hapo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye reguleta kwenda kwenye manifoldi ya hewa, yaani njia inayoingiza hewa kwenye injini. Kazi ya mpira huo ni kupitisha mvuto wa hewa tu, kwa hiyo hapatakiwi kuwa na hata tone moja la petroli ndani yake. Ukiwa mkavu, tafuta geji ya kupima presha ya petroli: mifumo mingi ya umri huo hufanya kazi kati ya psi 36 na 44, na injini ikizimwa mshale unatakiwa kushuka polepole mno. Tafadhali usilegeze bomba lolote la mafuta kabla ya kuiondoa presha.

Kipimo_Kwanza

Naomba pia ipimwe sensa ya joto la maji inayotoa taarifa kwa kompyuta, ambayo mara nyingi si ile inayoendesha geji ya dashibodi. Katika magari mengi husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na takriban omu 300 kwenye nyuzi 80. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, mafuta yatazidi na moshi utakuwa mweusi. Hata hivyo naiweka nyuma ya reguleta, kwa kuwa sensa ya namna hiyo ingekusumbua hata unapozima na kuwasha papo hapo.

Msafiri

Nawashukuru sana. Betri na nyaya ni nzima, na sensa imesoma ndani ya viwango hivyo. Kilichonitatanisha ni kwamba asubuhi kufungua na kufunga swichi kulisaidia, jambo linaloonyesha upungufu wa mafuta, ilhali mchana kukanyaga pedali mpaka chini nako kulisaidia, jambo linaloonyesha mafuta kuzidi. Nilipochomoa ule mpira wa reguleta, petroli ilichuruzika mpaka kwenye vidole.

Gereji_Mkongwe

Basi majibu hayo mawili hayapingani. Kiwambo (utando mwembamba) cha ndani ya reguleta kimepasuka: petroli inapenya kupitia mpira huo na kuingia kwenye manifoldi, ndiyo maana injini hulowa ikiwa bado na joto; na petroli hiyohiyo ndiyo inayopungua kwenye mabomba, ndiyo maana baada ya usiku mzima presha haipo. Pampu iache kwanza. Badilisha reguleta pamoja na mpira wake, maana mpira uliolowa petroli kwa muda mrefu hulainika na kupasuka.

Kabla hujaliwasha tena, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho, mwaga oili hiyo na ubadilishe chujio lake, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi mno kulinda beringi za injini.