Muigizaji akilia stejini, analia kweli?

Wadau, hivi muigizaji anayelia kila shoo, yale machozi ni ya kweli au ufundi tu? Mi koo lilinikaba na nilikaa siti ya nyuma kabisa.

Jibu 1: Ubishi wa siku nyingi huo. Diderot, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 18, alisema muigizaji bora ndani ametulia, anaiga dalili za nje tu, Stanislavski, mwongozaji wa tamthilia wa Urusi, yeye akawafundisha waigizaji wachimbe kumbukumbu zao, ila baadaye akaegemea zaidi vitendo vya mwili.

Jibu 2: Naigiza. Ukilia kikwelikweli pumzi inakata na maneno hayasikiki, so unaiacha hisia ije huku sikio liko kwa watazamaji, wakinyamaza ghafla unajua umewakamata, unachelewesha mstari kidogo.

Jibu 3: Halafu tunaambukizana jamani, jirani akianza kuvuta kamasi na wewe huchukui raundi, unalia.