Muvi haina ugomvi wala kelele ila mama kalia, nyie mnaonaje uigizaji wa namna hii?

MpandaKibosho
Wakuu habari za jioni. Mi niko Moshi mjini ila wikiendi huwa napanda Kibosho kwa mama, sasa Jumamosi nilienda na laptop nikamwekea Tokyo Story, ile ya Kijapani ya 1953 ya Yasujiro Ozu, haina rangi. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao mjini, kufika watoto wako bize, mmoja daktari mwingine ana saluni, mwisho wazee wanalipiwa hoteli huko Atami baharini ili wasisumbue watu. Anayewajali kweli ni mkwe wao, mjane wa kijana wao aliyekufa vitani. Ndo hivyo tu, hakuna anayepigwa wala kufumaniwa.

Mama yale maandishi ya chini hayasomi so nikawa namtafsiria. Kuna sehemu wazee wamekaa kwenye ukuta wa bahari asubuhi, usiku hawakulala kwa kelele za vijana pale hotelini, mzee ananyanyuka, bibi naye akitaka kunyanyuka anayumba kidogo anainama, kisha wanaondoka zao. Mama alikuwa anamenya ndizi, akasimamisha kisu akasema "huyu mama hafiki mbali". Na kweli mbele huko akafa!! Mi nimeangalia muvi tangu niko mdogo na pale sikuona kitu kabisa, nilikuwa nasoma maandishi. Naomba mnisaidie, mnaangalia nini hasa kwenye muvi za hivi? Uigizaji mzuri unaujuaje kama mtu halii wala hafoki?

LenziYaNjiro
Dada umenikuna. Mi napiga video za harusi na sendoff hapa Arusha, nikupe upande wa kamera. Ozu alikuwa anaishusha kamera chini, karibu na usawa wa mtu aliyekaa kwenye mkeka, na karibu kila mara haitembei, inatulia tu. Na lenzi yake ilikuwa karibu kila mara ni ya milimita 50, hiyo haikuzi pua ya mtu wala haimsogezei ukuta wa nyuma mpaka ukamgusa kisogo. So unakuwa kama umekaa nao sebuleni kwenye kigoda. Sasa kamera ikishatulia hivyo, mtu akiyumba kidogo tu unamwona, ingekuwa inazungukazunguka kama siku hizi kuyumba kwa yule bibi kungepotea humohumo. Mama yako hakuwa anasoma, macho yote yalikuwa kwa bibi.

Mi mwenyewe hili nimelijua kwa kukosea. Sendoff moja baba wa binti anaongea, nikavuta uso wake mpaka ukajaa fremu nzima nikisubiri machozi, hayakuja. Nyumbani kwenye kuediti nikaangalia kamera ya pili iliyokuwa imesimama mbali, kumbe muda wote mkono wake wa kushoto ulikuwa unakunja leso, anakunja anakunjua anakunja, na mimi nimeikata nje. Ile leso ndo ilikuwa hotuba yenyewe. Tangu siku hiyo siku za harusi natafuta mikono kwanza.

Mwl_Uru
Naongezea hapo kwa mkuu. Mleta mada muangalie tena yule mzee, Chishu Ryu. Wakati wanapiga hiyo picha alikuwa hajafika hata miaka 50, anacheza babu wa miaka sabini. Hajabadilisha sauti ikawa ya kukwaruza kama tunavyofanya sisi kwenye michezo ya shule, kazi yote iko kwenye mabega na kwenye kuchelewa kujibu. Mtu anamwambia kitu, anatabasamu, anaitika, halafu ndo anajibu. Wanafunzi wangu wa klabu ya maigizo huwa nawaambia usimwangalie anayeongea, mwangalie anayesikiliza, kwa sababu anayeongea ana maneno ya kujifichia. Anayesikiliza hana kitu, na kama anasubiri tu zamu yake ifike utaliona jicho limekufa.

Na hapa nyumbani tunayo, tafuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya hamsini. Iangalie kwa ajili ya Yasmin tu, yule binti aliyeikimbia ndoa ya mzee. Siasa ziache kwanza utazirudia.

Kaloleni_mpk_Sakina
Nakubali ila siyo yote. Zipo muvi nyingi taratibu na hazina kitu, mwanga wa dirishani mzuri, mtu anaangalia mvua dakika tatu, nawe hujui anamuwaza nani. Huo si utulivu, hapo hakuna mtu ndani. Pale Atami tulishajua hawajalala, tunajua wamesukumwa kule na watoto wao, ndo maana kuyumba kule kuna uzito.

Halafu kuna hili. Wengi tumekulia banda la video, muvi zilizotafsiriwa, na mtafsiri akiona wahusika wamenyamaza yeye anaongea, anajaza. Nawapenda wale jamaa mpaka leo maana ndo walionifanya nipende picha, lakini tulizoea kwamba pakiwa kimya kuna kitu kimeharibika. Mi ilinichukua miaka kukaa na ukimya bila kushika simu.

MpandaKibosho
Asanteni sana jamani, nimesoma zote mara mbili. Jana usiku nimeirudia peke yangu bila sauti na maandishi nimezima. Pale ukutani wanaanza wamekaa sawa kabisa, wamevaa sawa, ukiwaona kwa nyuma ni kama mtu na kivuli chake, halafu mmoja ananyanyuka na mwingine anabaki chini. Nilisimamisha hapo nikakaa naiangalia tu. Na kule mwisho mkwe yuko kwenye treni anaitoa saa ya yule bibi marehemu anaishika, hata neno hasemi, mara ya kwanza pale nilikuwa nishaanza kufunga laptop.

Jumamosi napanda tena. Mama kasema tuirudie ila safari hii nisimtafsirie.