Mrejesho: punda wangu wa Igunga amezaa salama

Wakuu, habari za leo. Mtakumbuka niliuliza namna ya kujua punda mwenye mimba anakaribia lini. Mimba yao huchukua kama miezi 12 na mara nyingi inapitiliza, na huku kwetu mtoto akizaliwa nje usiku, fisi ndiye wa kwanza kumwona. Mdau mmoja akanishauri nipime kalsiamu kwenye maziwa, maana hupanda akikaribia kuzaa, kama wafugaji wa farasi wafanyavyo.

Nilipata karatasi za kupimia ugumu wa maji (vibox vyake hugeuka rangi kukiwa na kalsiamu), na maji ya betri kutoka duka la spea (maji safi, siyo tindikali!). Sehemu moja ya maziwa, sita za maji, unachovya. Nilikamua matone tu jioni, dang'a (maziwa ya kwanza) ni ya mtoto.

Mwanzoni yalitoka membamba, rangi ya asali, karatasi haishtuki. Halafu jioni moja yakaja meupe, mazito, vibox vyote vikageuka rangi. Kwa farasi, kipimo kikifika sehemu 200 kwa milioni, wengi huzaa ndani ya siku 3. Nikamfungia bandani. Usiku uliofuata akazaa jike, mtoto akasimama na kunyonya mapema, kondo likatoka lote.

Kwangu faida kubwa ni zile jioni ambazo kipimo kilikuwa chini: nililala. Aliyenishauri, Mungu akubariki sana.