Fundi mwenye miaka 15 kazini, arudi darasani jioni kusoma kanuni za umeme au uzoefu unatosha? Tujadili

Wakuu habari za jioni, mimi niko Tanga hapa, fundi umeme wa kiwandani. Kazini kwetu mjadala umewaka wiki nzima kwa sababu uongozi umesema atakayetaka kupanda cheo lazima asome kozi ya jioni ya kanuni za umeme na elektroniki, na wazee wengi wamekataa. Hoja yao ni kwamba mtu kafunga mota tangu ujana wake, ukimpeleka akapige hesabu za vekta na namba za j (zile namba changamano za hesabu za umeme) unamdhalilisha tu, mota haiulizi cheti.

Mimi nasema asome. Naheshimu sana uzoefu, kazi yote nimefundishwa na hao hao wazee, ila kuna kitu nilikishuhudia mwenyewe na mpaka leo kinaniuma.

Tulikuwa na mota ya kilowati 15, fezi tatu, volti 400. Ovalodi yake, kile kifaa cha kuzima mota mkondo ukizidi, ikaanza kukata kila baada ya muda. Fundi wetu mkubwa, mtu ambaye akisikia tu mlio anakwambia beringi ipi imekufa, akasema hiyo ovalodi imechoka, akazungusha skrubu yake akaipandisha mpaka mwisho wa namba zake ili isikate mapema, mota ikazunguka na wote tukafurahi. Siku ya tatu ikaungua, harufu ya vanishi ilijaa kote. Tukafunga nyingine, nayo ikaanza kukata vile vile! Kumbe kontakta, ile swichi inayoiwasha mota, ilikuwa na mguu mmoja umeungua, fezi moja inapotea halafu inarudi.

Sasa angalia hesabu, wala si ngumu. Chukua wati 15,000 ugawe kwa 1.73 mara 400 mara pawafakta 0.8 mara ufanisi 0.9, unapata kama ampea 30. Hiyo ndo mota ikibeba mzigo wake wote. Fezi moja ikikatika huku mzigo uko pale pale, mbili zilizobaki zinabeba karibu mara 1.73, yaani unakaribia ampea 52, na joto kwenye koili linapanda kwa mraba wa mkondo kwa hiyo linakuwa kama mara tatu. Ovalodi haikuwa imechoka, ilikuwa inatuambia ukweli sisi tukaiziba mdomo. Mtu aliyesoma kanuni angeweka klampu mita, kifaa cha kupima mkondo, kwenye fezi zote tatu kabla hajagusa ile skrubu, dakika mbili tu, na mota ingekuwa hai.

Uzoefu unakuonyesha kilichowahi kutokea mbele yako, kile ambacho hujawahi kukiona ndo kinahitaji kanuni. Na siku hizi mambo yamehamia kwenye inveta (kifaa cha kuongoza kasi ya mota), PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) na sensa, huwezi kuitega sikio inveta ukajua inaumwa nini.

Halafu kuna leseni. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakitoa leseni ya kufunga umeme wanaangalia elimu pamoja na uzoefu, kwa hiyo mzee asiye na karatasi anaishia kufanya kazi chini ya jina la kijana. Huko ndo kudhalilika kwenyewe jamani.

Naongezea baada ya kusoma majibu. Kuna aliyesema VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, kwa hiyo kozi ya nini tena. Kweli upo na ni mzuri, nawashauri wazee waende. Ila unathibitisha unachokijua tayari, kile usichokijua bado kinakusubiri kwenye paneli.

Mwingine ameandika jambo limenigusa, kwamba darasa linaanza saa 11 jioni na yeye anaingia zamu saa 10, akitoka zamu ya usiku analala mpaka mchana, na ada anakatwa kwenye mshahara. Hapo nakubali asilimia mia. Huwezi kumlazimisha mtu asome halafu ukamnyima muda, si wote hawajitumi, wengine wanabanwa na roasta. Mimi ningetaka mwajiri atoe jioni mbili kwa wiki bila kumkata mtu, zamu zibadilishwe, na mitihani ipangwe nje ya msimu wa matengenezo makubwa. Bila hivo hiyo kozi ni ya vijana wa ofisini tu.

Walioko bandarini, kwenye simenti, chokaa na mkonge, kwenu zamu mnazipangaje kwa mtu anayesoma? Na ada analipa nani?