Chapa ya Hiroshige: ni ya 1857 au nakala?

kingo_kavu: Wadau, nina ile chapa ya mbao (picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa) ya msanii wa Kijapani Hiroshige, ya mvua ya ghafla daraja la Shin-Ohashi. Karatasi ina sm 34 kwa 22, imeshikizwa kwenye kadibodi kwa selotepu, na pembeni pana madoa ya kahawia. Nitajuaje umri wake? Niibandue?

mchonga_ubao: Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vidoti vilivyojipanga safu, ni ya mashine, hapo hakuna mjadala. Kwenye chapa ya mkono rangi imezama ndani ya nyuzi, na mgongoni hubaki alama za kusugua za bareni, kile kisugulio cha mkono cha kukandamizia karatasi kwenye ubao. Ila hizo hazitaji umri, kwa sababu mbao zilichongwa upya karne ya 20 na kuchapwa kwa mkono vilevile.

Mfululizo huu wa mandhari ya Edo (Tokyo ya leo) ulitoka 1856–1858. Muhuri wa tarehe wa karatasi hii ni mwaka wa nyoka wa kalenda ya Kijapani, mwezi wa 9, yaani 1857. Muhuri nao huigwa, kwa hiyo kaza macho kwenye mistari ya mvua. Linganisha na picha kubwa ya chapa halisi ya makumbusho, mstari kwa mstari: mahali unapokatika, unaponenepa. Ubao uliochongwa upya haukatiki palepale.

Vipimo vyako vinanipa wasiwasi. Sm 34 kwa 22 ni kama picha yenyewe tu, bila pambizo. Jina la mchapishaji, Uoya Eikichi, hukaa pambizo la kushoto. Likikatwa, bei hushuka.

gundi_ya_ngano: Tafadhali usivute hiyo selotepu! Itaondoka na nyuzi pamoja na rangi. Usiloweshe wala usipaushe madoa, maana baadhi ya rangi za mimea hutoka na maji. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi.

Ikishabanduliwa, ishikize kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu. Karatasi hutanuka unyevu ukipanda. Ukiibana pande zote itajikunja. Weka kadibodi isiyo na asidi, na fremu yenye nafasi ili kioo kisiiguse. Mwanga usizidi luksi 50, unyevu uwe karibu asilimia 50.

kingo_kavu: Mgongo umefunikwa na kadibodi. Bareni nitaionaje?

mchonga_ubao: Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, karibu usawa wa karatasi. Mabonde ya mistari iliyokandamizwa yataonekana hata upande wa mbele.