Shahada ya usalama na afya mahali pa kazi kwa miaka minne, na kipima kelele nilikiona kwenye kabati tu

Wanajamvi, heshima kwenu nyote. Nimekaa na jambo hili tangu nilipohitimu mwaka jana nikijiambia kwamba litapita, lakini wiki hii mdogo wangu wa kiume amechaguliwa kujiunga na shahada ileile katika chuo kilekile, na nimeona kwamba kuendelea kunyamaza ni kumwacha mtoto wa mama yangu atumbukie shimo ninalolijua. Chuo sitakitaja, waliopita pale watakitambua kabla hawajamaliza kusoma.

Kila mwaka, pamoja na ada, tulilipa shilingi 120,000 zilizoandikwa kwenye ankara kuwa ni za mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka minne sikuwahi kuwasha kipima kelele darasani, sikuwahi kufunga pampu ya vumbi kwenye mkanda wa mfanyakazi, wala sikuwahi kupima joto la sehemu yoyote ya kazi. Kipima kelele tulikuwa nacho kimoja. Kilikaa ndani ya kabati la vioo katika maabara, juu ya kitambaa chekundu kama kikombe cha ubingwa, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtaalamu wa maabara aliyehamishiwa kampasi nyingine nilipokuwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja aliandika barua kuomba kabati lifunguliwe, akajibiwa kwa maandishi, tena kwa muhuri, kwamba ununuzi wa vifaa vya maabara upo kwenye mchakato. Hakuwa ameomba kununuliwa kitu. Aliomba ufunguo.

Somo la kelele tulilifanya kwa karatasi na kalamu. Mhadhiri alitupa namba alizozitunga mwenyewe, nasi tukazitia kwenye kanuni: desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unapungua kwa nusu, hivyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kuendelea. Nilipata A katika somo hilo, na nikiri kwamba niliringa nayo.

Kisha nikapelekwa mafunzo ya wiki nane kwenye kiwanda cha nondo. Wiki ya kwanza, kwenye mashine ya kukatia, nilimkuta mzee mmoja aliyeziba masikio yake kwa pamba iliyokwisha kuwa nyeusi. Nilimwamkia mara mbili bila kunisikia. Mara ya tatu nikamgusa bega. Aliponiona na koti langu la chuo alifurahi, akaniuliza kwa sauti ya juu, kama wasemavyo watu ambao hawajisikii wenyewe, "Binti yangu, ndio ninyi mnaosomea mambo haya? Mmekuja na kile kimashine cha kupimia hizi kelele?" Nikamjibu kwamba hapana, Mzee, bado. Akaniambia yupo pale mwaka wa 19, na kwamba nyumbani wajukuu wamechoka kurudia maneno. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye A ya kelele, nikabaki namwambia abadilishe pamba.

Wiki ya sita kiwanda kiliwaleta wapimaji wa kukodi. Kiongozi wao alinipa kipima kelele pamoja na kidude cha silinda kinachotoshea kwenye kiganja, akasema kwa wema kabisa, "Haya msomi, kihakiki hiki kabla hatujaanza." Nilikigeuza kile kidude huku na huku. Sikujua hata kipaza sauti cha kile kipima kinaingilia upande gani. Kijana wake, ambaye elimu yake ni cheti cha wiki chache, alikichukua mkononi mwangu, akakichomeka, akakiwasha kikatoa mlio mmoja wa desibeli 94, akaangalia kama kipima kinasoma 94, akaandika kwenye fomu. Sekunde thelathini. Jambo hilo halikuwamo katika kurasa zangu zote za maelezo ya darasani, na kipimo ambacho hakikuhakikiwa hivyo hakina thamani mbele ya mkaguzi yeyote. Tulipofika kwa yule mzee, kipima kilisoma 97. Kwa kanuni niliyofaulu kwa A, hizo ni dakika 30 kwa siku.

Kwenye vumbi hali ni mbaya zaidi, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu. Vumbi laini la mawe lenye madini ya silika, linaloleta silikosi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, hupimwa kwa kumfungia mfanyakazi pampu ndogo inayovuta hewa, tuseme lita 2.2 kwa dakika, kupitia kichujio, kwa zamu nzima. Saa 8 zinatoa mita za ujazo moja na ushei. Kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2016 kwa vumbi la silika ni miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo; maana yake, silika inayotosha kumfikisha mtu kwenye kikomo baada ya siku nzima ni kama miligramu 0.05 tu juu ya kichujio. Mizani ya maabara yetu, ambayo uongozi huwaonyesha wageni, inasoma hadi gramu 0.01, yaani miligramu 10. Ni butu mara 200 kuliko kazi hiyo inavyotaka. Hata tungepewa pampu kesho, tungepima nini? Tungepeleka kichujio kwenye mizani, mizani ingesema hakuna kitu, na wasaga kokoto wangeambiwa hewa yao ni safi.

Sina ugomvi na wahadhiri wote. Mmoja alituletea mkanda wa kuzuia kuanguka na kofia ngumu alizoazima kwa rafiki yake, akatufundisha chini ya mwembe kufunga kamba na kukagua mishono, kwa nauli yake. Huyo namkumbuka. Lakini ninakumbuka pia mhadhara wa moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911, uliowaua watu 146 ambao wengi wao walishindwa kutoka kwa sababu mlango ulifungwa kwa hofu ya wizi. Tulisomeshwa habari hiyo katika ukumbi ambao mlango wake wa dharura ulikuwa na kufuli. Tulipouliza, tuliambiwa projekta iliwahi kuibwa. Geji ya mtungi wa kuzimia moto pembeni mwa mlango ilikuwa imelala kwenye nyekundu tangu nilipoingia, na nadhani hadi leo imelala.

Kinachoniuma kuliko aibu yangu ni aina ya maofisa tunaozalishwa. Kila mwanafunzi wa fani hii anakariri mpangilio: ondoa kihatarishi kwanza, ukishindwa, badilisha kwa kisicho na madhara makubwa, kisha zuia kwa uhandisi, kisha panga zamu na taratibu, na vifaa kinga viwe vya mwisho. Lakini ili umwambie mwenye kiwanda atumie mamilioni kufunika mashine au kufunga mfumo wa kuvuta vumbi, lazima umwekee namba mezani. Asiyeweza kupima hawezi kuanzia juu ya mpangilio huo; anaanzia chini na kuishia hukohuko, akizunguka kiwandani kuuliza nani hajavaa kofia. Ndiyo maana wafanyakazi wengi wanawaona maofisa usalama kama askari wa kofia.

Wala msiniambie kwamba sheria hakuna. Hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ipo tangu mwaka 2003, Wakala wa kuisimamia upo, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi kazini. Ila yule mzee akienda kudai kwamba masikio yake yameharibiwa na mashine, na si uzee, atahitaji rekodi za vipimo vya kelele vya miaka yake kazini. Nani alipaswa kuzichukua? Sisi.

Sasa ninatafuta ajira. Matangazo mengi ninayoyaona yanataka cheti cha bodi ya mitihani ya Uingereza juu ya shahada, na kinalipiwa kwa fedha za kigeni. Mwanzoni nililiona hilo kuwa ni dharau kwa vyuo vyetu. Baada ya siku ile ya kidude cha silinda, siwezi tena kuwalaumu waajiri kwa moyo wote, na hilo nalo linanikera.

Mdogo wangu anatakiwa kuthibitisha udahili kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo ninauliza wale waliosoma fani hii katika vyuo vingine, ndani ya nchi au kwa majirani zetu: kuna mahali ambapo wewe mwenyewe, kwa mikono yako, ulihakiki kipima kelele na kupima uzito wa kichujio kabla na baada ya zamu? Taja chuo na mwaka. Vipeperushi vya udahili msiniwekee, ninavyo vinne.